Neno Alilolisoma Bi Haloo Kwenye Kipaza Sauti

Saa moja kasorobo asubuhi. Korido ya mapokezi bado ina unyevu wa deki, na wagonjwa wa kwanza wameshajipanga kwenye mabenchi, kila mmoja na kadi yake mkononi. Nyuma ya mlango wa tatu kushoto, katika chumba kisichozidi hatua nne kwa tano, mwanamke wa miaka hamsini na tisa anavuta kiti, anapitisha kiganja juu ya meza kuhakikisha hakuna aliyehamisha kitu, kisha anavaa hedifoni.

Taa ya chumba haijawashwa. Itawashwa atakapoingia mtu mwingine na kujigonga kwenye kabati.

Simu ya kwanza inalia. "Haloo, hospitali hapa, habari ya asubuhi," anasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akimsubiri mpigaji huyo na si mwingine. Anasikiliza kidogo. Kabla hajamuunganisha na wodi ya wazazi anampa hongera, kwa kuwa ameshajua kwa jinsi anavyohema kwamba ni baba mpya.

Hospitali nzima humwita Bi Haloo. Wauguzi vijana hawajui kama ana jina jingine, naye hajaona sababu ya kuwasumbua nalo. Amekaa kwenye kiti hicho miaka thelathini na minne. Namba za ndani mia moja themanini na sita zimo kichwani mwake, na kwa siku hupokea simu zisizopungua mia nne. Kila baada ya nusu saa huvuta kipaza sauti kilicho upande wake wa kulia, akawaita wagonjwa wa kliniki kwa zamu. Sauti yake husikika korido zote mbili, uani, hata kwenye foleni ya dawa.

Haoni tangu akiwa na miaka minne, surua ilipomwachia roho ikaondoka na macho. Jambo hilo hulisimulia harakaharaka, kama mtu anayepita mlangoni kwa jirani akiwa amechelewa. Anachopenda kukisimulia, tena kwa kituo, ni maneno aliyoitwa tangu siku hiyo.

"Nimeitwa kila kitu," anasema. "Na mengi niliitwa na watu walionipenda."

Mtaani kwao aliitwa kipofu wa fundi viatu, maana baba yake alikuwa na kibanda cha viatu mkabala na soko. Shangazi yake alimwita "maskini wangu" hata siku alizokuwa ameshiba na anacheka. Wateja waliopita kibandani waliuliza habari za "huyo asiyejiweza," naye akiwa amekaa hapohapo akipanga misumari ya viatu kwa ukubwa, kazi aliyoifanya vizuri kuliko baba yake. Ni baba peke yake aliyemwita kwa jina au, akiwa na furaha, "msaidizi wangu."

Alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka kumi. Bango la getini, aliambiwa, lilisema Shule ya Vipofu. Huko alimkuta mwalimu wa lugha ambaye naye hakuwa akiona, mtu ambaye sauti yake ilitokea juu sana kiasi kwamba watoto walibishana kuhusu urefu wake, na mwenye tabia ya kusimamisha somo la sarufi kila alipokumbuka jambo linalomuuma.

Siku moja mwalimu huyo aliwaambia wataje majina yanayoanza na ki. Wakataja kiti, kikombe, kijiko, kitanda. Akawaambia waongeze ya watu. Mmoja akasema kipofu. Wengine wakafuatia: kiziwi, kiwete, kilema. Mwalimu akauliza kama wamesikia wenyewe wamepangwa pamoja na nani. Akawaeleza kwamba watu wengine, mkulima, mpishi, mwalimu, wana ngeli yao ya watu, ila wao wamewekwa kabatini pamoja na vyombo. Ndiyo maana, alisema, siku hizo waandishi walikuwa wameanza kusema mlemavu badala ya kilema. Ni safari fupi ya herufi chache, lakini ni ya kutoka kabatini na kuja kukaa mezani na wenzako.

Msichana wa fundi viatu akanyoosha mkono. Mwaka huo alikuwa kiranja wa bweni.

"Na kiranja je, mwalimu?" akauliza. "Na kiongozi? Na kinyozi?"

Darasa zima lilicheka, na mwalimu akacheka kuliko wote mpaka akakohoa. Alikiri kwamba hilo hakuwa amelifikiria, akaomba apewe hadi Jumatatu. Jumatatu alirudi na jibu ambalo Bi Haloo analo mpaka leo: kwamba huenda kosa halimo kwenye herufi, limo kwa anayeitamka, kwa kuwa yeye hajawahi kumsikia mtu akisema "kiongozi yule" huku amekunja pua.

Kumaliza shule ilikuwa jambo moja, kupata kazi jambo jingine. Alisomea kazi ya uopereta wa simu kwa mwaka mmoja, kisha akapiga taipu barua kumi za maombi. Nane zilijibiwa kwamba nafasi imejazwa. Moja haikujibiwa kabisa. Ya kumi ndiyo iliyomleta kwenye chumba hiki.

Opereta mkuu wa wakati huo, mama mwenye sauti ya kukwaruza aliyekunywa chai asubuhi hadi jioni, hakumuuliza chochote kuhusu macho. Alimsomea namba themanini za ndani mara moja tu, akamwambia arudi kesho. Kesho yake msichana akazitaja zote, akakosea mbili. Opereta mkuu akawaambia wenzake wa kwenye usaili kwamba yeye mwenyewe hukosea tano, na yuko hapo mwaka wa kumi na saba.

Huyo ndiye mtu ambaye Bi Haloo humshukuru kabla hajashukuru mwingine yeyote. Alimfundisha kumtuliza mtu anayelia kwenye laini, kumtambua daktari kwa namna anavyokata simu, na kumwambia mkubwa hapana bila kumvunjia heshima. Alimfundisha pia kanuni moja iliyokaririwa chumbani kama sala: soma kilichoandikwa, usipunguze, usiongeze.

Kanuni hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Ilikuwa miaka ishirini na miwili iliyopita, siku ya kliniki ya watoto. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa karani wa mapokezi kuja kila asubuhi na orodha na kumsomea. Bi Haloo aliitoboa kwenye karatasi ngumu kwa maandishi ya nukta nundu, kisha saa ikifika akaisoma kwa vidole mbele ya kipaza sauti. Orodha haikuwa na majina. Iliandikwa kama kadi zilivyopangwa: ugonjwa au umbile la mtoto, umri, na chumba. Mama wa mtoto mwenye donda, chumba namba mbili. Mama wa mtoto kiwete, chumba namba sita. Aliita hivyo kwa miaka kumi na miwili na hakuna aliyelalamika, au hakuna aliyejua pa kulalamikia.

Saa tatu na nusu akasoma: "Mama wa mtoto taahira, miaka mitatu, chumba namba nne."

Hakutokea mtu. Akarudia. Akarudia tena mara ya tatu, polepole zaidi na kwa sauti ya juu zaidi, kama kazi inavyotaka. Dakika mbili baadaye simu ya chumba namba nne ikaingia. Muuguzi wa zamu alimwambia asijisumbue. Mama huyo alikuwapo, tena alikuwa wa kwanza kufika asubuhi hiyo, ila ameinuka, amemfunika mtoto uso kwa nguo na kutoka getini. Bi Haloo akauliza ni nini kilichomkasirisha.

"Kwa jinsi ulivyomwita," muuguzi akamjibu, "hata mimi ningeondoka."

Simu ziliendelea kuita, naye hakupokea hata moja kwa muda ambao hajui ulikuwa mrefu kiasi gani. Kilichomjia si sura ya mama yule, ambayo asingeweza kuijua. Kilichomjia ni mkono wa baba yake.

Alikuwa na miaka tisa. Baba alifunga kibanda mchana, akavaa shati lake jeupe, akampeleka uwanjani kwenye siku ya kuwaandikisha watoto wanaohitaji shule kama ile. Mtu mwenye kipaza sauti cha mkononi alikuwa akiupanga umati. Viwete mstari wa ukutani. Vipofu mstari wa katikati. Mabubu kule nyuma. Mkono wa baba ukakaza juu ya wake mpaka ukamuuma. Hawakujipanga mstari wowote. Baba aligeuka naye, wakarudi nyumbani kimyakimya, na jioni akamwambia mama kwamba hakuona mstari wa watoto.

Mwaka mzima wa masomo ukapotea hivyo. Mwaka uliofuata baba alirudi, akauma meno, akapanga mstari wa katikati.

"Baba alinipotezea mwaka kwa sababu ya neno," anasema Bi Haloo. "Sikumlaumu yeye. Nilimlaumu yule wa kipaza sauti. Sasa siku ile nikagundua kwamba wa kipaza sauti ni mimi."

Jioni aliomba asomewe kadi ya mtoto. Ilionyesha kwamba binti huyo hushikwa na degedege mara kwa mara, hajakaza shingo vizuri, hajaanza kusema, na alikuwa ameletwa kuanzishiwa dawa na mazoezi ya viungo. Aliyeandika taahira hakuwa daktari. Alikuwa karani, aliyemtazama mtoto akiwa mgongoni kwa mama yake, akajaza nafasi iliyokuwa wazi. Wala karani hakuwa mtu mbaya. Wakati ule ndilo neno lililokuwa limepigwa chapa kwenye fomu zenyewe, likifuatana na punguani, kilema na bubu, na maelekezo kwamba mhusika atie alama panapostahili.

Anwani ilikuwa na jina la mtaa na maneno mawili ya ziada: karibu na mashine. Mashine gani, haikusema.

Bi Haloo alikuwa na kitu kimoja ambacho wengine hawakuwa nacho, nacho ni laini ya simu na ruhusa ya kuitumia. Simu za mkononi zilikuwa bado za wachache. Kila saa ya chakula cha mchana aliacha sahani ipoe, akapiga: shule ya msingi ya mtaa ule, kituo cha polisi, kiwanda cha mbao, fundi wa kuchomelea, mashine mbili za kusaga nafaka. Alijitambulisha, akasema anamtafuta mama mwenye binti wa miaka mitatu anayebebwa, na hapo ndipo alipokwama kila mara, kwa sababu kila aliyepokea aliuliza mtoto ana nini. Alikuwa ameapa kutolitamka lile neno tena, na jingine la kuweka mahali pake hakuwa nalo. Akajikuta akieleza: shingo yake bado haijakaza, hajaanza kuongea, akipandwa na joto hushtuka mwili mzima. Ilichukua muda mrefu kuliko neno moja. Ajabu yake, watu walisikiliza mpaka mwisho.

Siku ya kumi na moja muuzaji wa duka la dawa akasema anamfahamu mama anayefanana na huyo, muuza ndoo, hupita na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Duka lake lilipakana na mashine ya kusaga. Bi Haloo akamwomba amfikishie ujumbe kwamba hospitali inamtafuta, na kwamba itapiga kwenye simu hiyo kesho saa kumi jioni.

Mazungumzo ya kesho yake anayakumbuka neno kwa neno.

"Mimi ndiye niliyekuita kwenye kipaza sauti," akaanza.

Mama akasema, "Ulijuaje mtoto wangu yuko hivyo, na wewe hukumwona?"

"Sikumwona. Mimi sioni kabisa. Nilisoma nilichoandikiwa."

"Basi wewe unajua."

"Najua. Ndiyo maana sina cha kujitetea."

Upande wa mama mashine ilikuwa ikinguruma. Bi Haloo anasema alimwomba Mungu laini isikatike.

"Nikirudi," mama akauliza, "utamwitaje?"

"Kwa jina lake. Nitajie nilisikie."

Akamtajia. Bi Haloo akalirudia mara mbili kuhakikisha amelipata, kama afanyavyo kwa namba.

Mama alirudi Alhamisi. Saa tatu asubuhi korido zote mbili, ua na foleni ya dawa vilisikia majina matatu ya msichana wa miaka mitatu, la kwake, la baba yake na la babu yake, yakitamkwa taratibu kama ya mgeni rasmi. Kisha ikafuata chumba namba nne, na neno karibu.

Mama huyo sasa ana miaka hamsini na mmoja na duka dogo la vyombo vya plastiki, ambalo ndani yake mteja hulazimika kuinama ili asiangushe beseni. Akizungumza na mwandishi wa makala hii huku akifungua robota la ndoo, alisema siku ile alishindwa kuinuka mara moja.

"Nilidhani anaitwa mtu mwingine," alisema. "Majina yale nilikuwa sijawahi kuyasikia nje ya nyumba yangu. Watu walikuwa wakiniuliza tu, huyo wako hajambo? Huyo wako."

Katika siku zile kumi na moja mtoto alikuwa ameshikwa na degedege mara mbili. Daktari hakusema kama zilimpunguzia kitu, na Bi Haloo hajawahi kupata ujasiri wa kuuliza. Ndilo jambo pekee la maisha yake ya kazi analolitaja bila utani.

Wiki iliyofuata alimwendea opereta mkuu na kumwambia kwamba hatasoma tena ugonjwa wa mtu wala umbile lake. Atasoma jina na chumba, basi. Alitegemea kupewa onyo. Mkuu wake alimwacha amalize, akajimiminia kikombe, akasema kanuni aliitunga mwenyewe, kwa hiyo ana haki ya kuivunja. Uongozi ulisita kidogo, ukahofia kwamba majina hufanana. Ikaamuliwa kila jina litajwe pamoja na namba ya kadi. Baada ya miezi minne hospitali nzima ilikuwa ikiita watu kwa majina yao, na karani aliyeandika lile neno ndiye aliyezoea upesi kuliko wote. Alikuja chumbani akaomba radhi, na wamebaki marafiki hata baada ya karani kustaafu.

Tangu hapo Bi Haloo akawa na masikio ya maneno. Alimwomba mtu wa masjala amsomee faili lake la kazi, ukurasa kwa ukurasa. Kwenye ripoti ya usaili wake, mtu mmoja alikuwa ameandika: Kipofu, ila anafundishika. Alicheka hadi msomaji naye akacheka, kisha akaenda kunawa uso.

Kila fomu mpya ikija huomba asomewe wamemwandikaje. Aliwahi kuwa asiyeona. Akawa mlemavu wa macho. Likizo moja aliondoka akiwa mlemavu, akarudi akakuta ni mwenye mahitaji maalumu. Sasa ni mtu mwenye ulemavu wa kuona, na anakiri kwamba hilo limemkaa vizuri, kwa kuwa limemtanguliza mtu. Yote ameyatoboa kwenye daftari kwa nukta nundu, na mbele ya kila neno ameweka nani alilisema, na alilisema akiwa katika hali gani.

Daftari hilo limemfundisha kwamba maneno mapya huja yakiwa safi, kisha hutumika. Lile la mahitaji maalumu lilipokelewa kwa heshima zote, na kabla ya miaka miwili kuisha wabeba machela walikuwa wakiambiana "leta wale maalumu" kwa mdomo uleule uliokuwa ukisema viwete. Hakuwanunia. Aliwaita chumbani mmoja mmoja, akawapa chai, akawaeleza jinsi inavyosikika ukiwa upande wa kupokea.

"Walinisikiliza," anasema. "Mimi nimebahatika watu. Nimekosea mbele yao, wao wamekosea mbele yangu, na hakuna aliyemfungia mwenzake mlango."

Mapema mwaka huu uongozi uliamua kuiandika upya fomu ya mapokezi, ukaunda kamati ya watu saba. Mmoja wao alikuwa Bi Haloo. Mwingine alikuwa mshonaji wa mashuka wa hospitali, mwanamume kiziwi ambaye walifanya kazi naye jengo moja kwa miaka kumi bila kusalimiana, kwa kuwa yeye haoni ishara zake na mwenzake hasikii sauti yake. Simu za kisasa ndizo zilizowakutanisha. Mshonaji huandika ujumbe, simu ya Bi Haloo ikamsomea. Bi Haloo husema, simu ya mshonaji ikamwandikia. Utani wao umekolea kiasi kwamba wageni hudhani ni mtu na shemeji yake.

Kwenye kikao cha kwanza rasimu ilipendekeza neno kiziwi liondolewe na badala yake iandikwe mtu asiyesikia. Wajumbe walikubali kwa moyo mweupe, Bi Haloo akiwa wa kwanza. Mshonaji akainama kwenye simu yake, akaandika. Simu ya Bi Haloo ikasoma mbele ya wote, kwa ile sauti yake isiyo na haraka wala hasira:

"Asiyesikia ni mtu aliyekosa kitu. Mimi sijakosa kitu, nina lugha yangu. Niandikeni kiziwi."

Bi Haloo anasema aliona aibu. Miaka yote hiyo alikuwa akikusanya maneno na kuyapima, na mtu pekee aliyekuwa amemuuliza ni nafsi yake. Kikao cha pili walimwalika mama muuza vyombo. Naye akasema hana ugomvi na neno lolote ilimradi aulizwe kwanza, kwa sababu tangu binti yake azaliwe ameelezwa na kila mtu na ameulizwa na wachache.

Vikao vinne vya mabishano viliishia kuifuta orodha nzima ya kutia alama. Maelezo ya daktari yanabaki ndani ya faili, kwa kazi ya daktari. Kwenye fomu ya mapokezi pana swali moja na mstari mtupu chini yake: Ungependa tukuiteje, na ukifika tukusaidie vipi?

Fomu ilianza kutumika miezi miwili iliyopita. Siku ya kwanza goti la Bi Haloo lilikuwa limeamka vibaya, hivyo alivua hedifoni, akamwachia mwenzake kiti, akatembea hatua ishirini na sita hadi mapokezi na kuingia foleni kama watu wengine. Karani alikuwa binti mgeni kazini. Akauliza jina, umri, mtaa, kisha akafika kwenye swali lile.

Bi Haloo alikuwa mmoja wa waliolitunga, lakini alikuwa hajawahi kulisikia likija upande wake. Nyuma yake foleni ikaanza kuguna.

"Andika, haoni," akasema hatimaye. "Halafu andika, akifika asalimiwe kwanza, ili ajue mko upande gani."

Karani akaandika yote mawili. Kisha akaweka kalamu chini, akasema, "Shikamoo mama. Nipo mbele yako, kushoto kidogo."

Aliitikia marahaba, anasema, na akasahau kabisa kutaja goti.

Imebaki miezi saba astaafu. Mume wake, fundi redio, angependa apumzike nyumbani. Mume huyo alimpata kwenye simu hiyohiyo: alipiga kumuulizia mjomba aliyelazwa, akaendelea kumuulizia kwa wiki tatu baada ya mjomba kuruhusiwa. Anasema amekuwa akigawana sauti ya mkewe na watu mia nne kwa siku, na sasa ni zamu yake. Wamekubaliana siku zote za wiki ziwe za mume, isipokuwa moja.

Siku hiyo moja Bi Haloo ataitumia kuvizungukia vituo sita vidogo vya afya vinavyoleta wagonjwa hospitalini, ambavyo bado vina fomu za kutia alama. Atakwenda na daftari lake, akae na makarani, wasome pamoja. Atakayemshika mkono njiani ni yule msichana wa majina matatu. Sasa ana miaka ishirini na mitano, na siku tatu kwa wiki hukunja mashuka kwenye chumba cha mshonaji. Mguu wake wa kushoto huburura kidogo, huongea taratibu, na hapendi kumaliziwa sentensi.

Mwezi uliopita walikwenda kwenye kituo cha kwanza kufanya majaribio. Bi Haloo alikuwa ameandaa maelezo ya dakika ishirini. Walipoingia tu, msimamizi wa kituo alimkaribisha kiti, akainama karibu na sikio lake na kumuuliza, kwa upole kabisa, binti huyu ana tatizo gani.

Bi Haloo hakujibu. Alisubiri. Msimamizi naye akasubiri, na chumba kizima kikasikia msichana akivuta pumzi, akitafuta sauti yake, akiipata.

"Niulize mimi," akasema.

Maelezo ya dakika ishirini yalifupishwa. Makarani watatu wa kituo hicho waliomba nakala ya fomu siku hiyohiyo, na msimamizi akaomba radhi, si kwa Bi Haloo, bali kwa aliyestahili.

Ziara ya pili imepangwa mwezi ujao, na mpango umebadilika kidogo. Msemaji mkuu atakuwa msichana.

"Mimi nitakaa pembeni na daftari langu," anasema Bi Haloo. "Nadhani nitapata la kuandika."